RAM Inaandika ALARM? Mwongozo Kamili wa Kusoma Sensa ya Joto, Kuiwekea Mipaka na Kujua Kama Joto ni la Kweli

Wakuu, swali ni lilelile kila mara. Mtu kanunua seva ya mtumba au mashine ya ofisi, kaipandisha Linux, kaandika komandi ya sensors, anaona RAM iko digrii 38 na pembeni yake imeandikwa ALARM (HIGH, CRIT), basi roho inamruka, anazima mashine anakuja na stiki za RAM zimefungwa kwenye gazeti: "Fundi, RAM zangu zinaungua." Haziungui. Digrii 38 kwa RAM ni ubaridi tu.

Afu kuna kundi la pili na hawa ndo wananitia wasiwasi zaidi, wameshaizoea ile ALARM ya uongo mpaka joto la kweli likija hawashtuki.

Shika hili moja kabla hujaendelea: alamu ya RAM haijui joto zuri wala joto baya. Inalinganisha namba mbili tu, joto ililosoma na mpaka iliowekewa. Mpaka ukiwa sifuri, kila joto la Mwanza ni hatari kwake. Ndo maana tunaanza na mipaka, feni na vumbi vinakuja baadaye.

## Andaa hivi kwanza

- Mashine yenye Linux (nitatumia Ubuntu au Debian), na uwe na ruhusa ya sudo
- Paketi za lm-sensors, i2c-tools na stress-ng
- Kama ni seva, ongeza ipmitool
- Bisibisi, brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, blowa ndogo ya umeme
- Spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi
- Maka pen na karatasi ya kunata ya kuandikia namba za stiki

Paketi zote kwa mpigo:

sudo apt install lm-sensors i2c-tools stress-ng ipmitool

Wa Windows, HWiNFO64 itakuonyesha joto la RAM kama sensa ipo na unaweza kuiwekea alamu yako mwenyewe humohumo. Hatua ya 5 kwenda chini inawahusu pia.

## Hatua ya 1: Hakikisha RAM yako ina sensa

Sio kila stiki inayo. RAM za seva za DDR3 na DDR4, zile za ECC (zinazorekebisha makosa ya data zenyewe), kwa kawaida zinayo. RAM za kawaida za DDR4 za desktop na laptop nyingi hazina kabisa, ila baadhi za gemu zinayo. Kwenye DDR5 mambo yamebadilika, sensa imo ndani ya chipu ileile inayotunza taarifa za stiki, kwaiyo karibu kila stiki ya DDR5 inayo.

Kwa DDR3 fanya hivi:

sudo modprobe eeprom || sudo modprobe at24
sudo decode-dimms | grep -i thermal

Kwa DDR4 badilisha modprobe iwe ee1004, halafu decode-dimms ileile.

Ukifanikiwa utaona mstari wa Thermal Sensor unaosema ipo. Ukisema haipo, ishia hapo, usihangaike kutafuta drayva. Hakuna drayva inayozalisha sensa ambayo kiwanda hakikuiweka, na yule aliyekuambia "sasisha BIOS itaonekana" anakupotezea bando.

## Hatua ya 2: Iamshe sensa

Sensa inaongea na ubao mama kwa njia nyembamba ya nyaya mbili inayoitwa SMBus, kwaiyo inabidi keneli (kiini cha Linux) iwe na drayva ya njia yenyewe kwanza, ndo ifuate drayva ya sensa.

Intel: sudo modprobe i2c-i801
AMD: sudo modprobe i2c-piix4

Halafu ya sensa. DDR3 na DDR4 ni jc42, DDR5 ni spd5118:

sudo modprobe jc42

Hiyo spd5118 imeingia kwenye keneli kuanzia 6.11. Ubuntu 24.04 ilitoka na 6.8, kwaiyo kama una DDR5 na huoni kitu, angalia keneli yako kwa uname -r kabla hujalaumu RAM.

Sasa tazama:

sensors

Ikiwa bado kimya, endesha sudo sensors-detect ukibonyeza Enter tu kwenye kila swali. Jibu lililowekwa tayari ndo salama, lile linalopendekeza NO usilazimishe YES.

Kama hata hapo jc42 haijatokea, angalia anwani mwenyewe:

sudo i2cdetect -l
sudo i2cdetect -y 0

Hiyo 0 ibadilishe kulingana na namba ya SMBus uliyoiona kwenye komandi ya kwanza. Sensa za DDR3 na DDR4 zinakaa kati ya 18 na 1f, na taarifa za stiki zinakaa 50 mpaka 57. Zinaenda pacha: 18 na 50 ni stiki moja, 19 na 51 ni nyingine, 1a na 52 vivyo hivyo. Kumbuka hii, itakuokoa kwenye hatua ya mwisho. Ukiona 18 ipo na drayva haijaishika, iambie:

echo jc42 0x18 | sudo tee /sys/bus/i2c/devices/i2c-0/new_device

Onyo, na hili sitanii: usiguse i2cset kwenye hizi anwani, na usiongeze -q kwenye i2cdetect eti kwa sababu umeona mtu kafanya. Kwenye 50 mpaka 57 ndo kuna kitambulisho cha stiki, kasi yake na volti zake. Ukiandika takataka pale mashine inaweza isiwake tena na hiyo stiki. Zile 30 mpaka 37 nazo ndo za kufunga kitambulisho kisiandikwe, ziache.

Ukifanikiwa unapata kitu cha namna hii kwa kila stiki:

jc42-i2c-0-18
temp1: +38.5°C (low = +0.0°C) ALARM (HIGH, CRIT)
(high = +0.0°C, hyst = +0.0°C)
(crit = +0.0°C, hyst = +0.0°C)

## Hatua ya 3: Soma mipaka kabla ya joto

Hapa ndo wengi wanaanguka. Macho yanakimbilia 38.5 na neno ALARM, wanaruka mistari miwili ya chini. Isome. High (mpaka wa onyo) ni sifuri, crit (mpaka wa hatari) ni sifuri. Chipu imewashwa, rejista zake za mipaka (vijisehemu vya kuhifadhia namba) zimeanza na sifuri, BIOS haikuziandika chochote, na 38.5 ni kubwa kuliko 0. Kwaiyo chipu haijadanganya, imejibu sawasawa swali la kijinga.

Ndani ya ile rejista ya joto kuna biti tatu za juu ambazo kazi yake ni kusema joto limepita crit, limepita high, au limeshuka chini ya low. Hizo biti zinabadilika papo hapo kufuata joto, hazina kumbukumbu. Programu ya sensors inazisoma na kukuandikia ALARM, basi.

Hyst je? Hilo ni pengo la kurudi. Friji ya soda dukani haizimi na kuwaka kila sekunde kwa sababu inasubiri joto lipande kidogo ndo iwake tena, na hii ni hivyohivyo: alamu ikishawaka kwenye 85, pengo likiwa 3, haizimi mpaka joto lishuke chini ya 82. Bila hilo joto likicheza 84.9 na 85.1 alamu ingewaka na kuzima kama indiketa. Chipu za jc42 zinakubali mapengo manne tu: 0, 1.5, 3 na 6. Ukiandika 4 itakutafutia la karibu.

Mbali na biti, stiki ina pini inaitwa EVENT. Hii inaenda kwenye ubao mama, na kwenye seva ikivutwa kontrola ya memori inaweza kupunguza kasi ili RAM ipoe. Inafanya kazi kwa namna tatu. Kuna ya kufuata joto, inawaka na kuzima yenyewe. Kuna ya kuganda, ikiwaka inabaki hivyo mpaka programu iifute. Na kuna ya kusubiri crit tu, hizo nyingine haishughuliki nazo. Mashine inapowaka pini hii inakuwa imezimwa mpaka BIOS iiwashe, ndo maana unaweza kuwa na ALARM kwenye skrini siku nzima na mashine isipunguze hata kidogo.

DDR5 inakuja tofauti. Mipaka yake haianzi na sifuri, inaanza high 55 na crit 85. Kwa hiyo DDR5 ikifika 57 kwenye kazi nzito, kitu cha kawaida kabisa, inaandika ALARM. Afu alamu zake zinaganda: ikishavuka mara moja inabaki imeandikwa mpaka isomwe na kufutwa. Piga sensors mara mbili, amini ya pili.

## Hatua ya 4: Weka mipaka yenye akili

Namba zenyewe zinatoka wapi? Chipu za DRAM za kawaida zinafanya kazi vizuri mpaka digrii 85. Kila selu ya DRAM ni chaji ndogo inayovuja, na joto likipanda inavuja haraka zaidi, kwaiyo zikivuka 85 mpaka 95 inabidi zijazwe upya mara mbili zaidi, yani kwa DDR3 na DDR4 ni kila milisekunde 32 badala ya 64. Ukizidi hapo unacheza kamari na data zako.

Sensa nayo haipo ndani ya chipu za DRAM, ipo kwenye ubao wa stiki, kati kati. Chipu ya pembeni karibu na prosesa inaweza kuwa na joto zaidi ya hilo unalolisoma. Ndo maana mimi naacha nafasi: onyo 75, hatari 85.

Tengeneza faili:

sudo nano /etc/sensors.d/ram.conf

Ndani yake:

chip "jc42-*"
set temp1_min 0
set temp1_max 75
set temp1_crit 85
set temp1_crit_hyst 82

Angalia mstari wa mwisho. Unaandika joto ambalo alamu inazimia, sio ukubwa wa pengo. Ukiandika 3 umeomba kitu cha ajabu. Na lazima uje baada ya temp1_crit kwa sababu unahesabiwa kutoka pale.

Kisha:

sudo sensors -s
sensors

Ili idumu baada ya umeme kukatika (na huku kwetu unajua), ongeza jc42 na i2c-i801 kwenye /etc/modules. Huduma ya lm-sensors inaendesha sensors -s yenyewe mashine ikiwaka, lakini drayva ikichelewa kuingia haitakuta kitu cha kuwekea mipaka.

Ukifanikiwa neno ALARM linapotea palepale na mistari inaonyesha 75 na 85. Wateja wengi kazi yao inaishia hapa, stiki wanazirudisha kwenye gazeti.

Ikigoma kuna sababu mbili. Kwanza, chipu za jc42 zina kufuli ya mipaka. BIOS ya seva ikishaifunga haifunguki mpaka umeme uzimwe, na ukiwasha BIOS inaifunga tena. Usipigane nayo, mipaka ya mtengenezaji wa seva iheshimu. Pili, DDR5 kwenye Intel. Andika:

sudo dmesg | grep -i spd

Ukikuta SPD Write Disable is set, basi ubao umezuia kuandika kwenye anwani 50 mpaka 57 ili virusi au mikono yetu isiharibu kitambulisho cha stiki, na kwa bahati mbaya sensa ya DDR5 inaishi humohumo. Baadhi ya bodi zina sehemu ya kuifungua kwenye BIOS. Ushauri wangu ni uiache imefungwa, joto soma mwenyewe:

grep . /sys/class/hwmon/hwmon*/name
cat /sys/class/hwmon/hwmon3/temp1_input

Namba ya hwmon chukua ile iliyoandikwa spd5118. Jibu linakuja kwa maelfu, 43250 ni digrii 43.25. Kiskripti kidogo cha kukutumia ujumbe ikizidi 75000 kinatosha.

## Hatua ya 5: Jaribu kama alamu inapiga kweli

Alamu iliyonyamaza sio lazima iwe nzima. Ijaribu kwa kushusha mpaka, usipandishe joto. Naomba sana mtu asilete drayya ya saluni hapa, ile inafika mbali na plastiki za sloti hazipendi.

Kama RAM iko 38 (hwmon3 badilisha iwe namba yenye jina la sensa yako, jc42 au spd5118):

echo 30000 | sudo tee /sys/class/hwmon/hwmon3/temp1_max
sensors

Lazima utokee ALARM (HIGH), bila CRIT. Kisha sudo sensors -s kurudisha. Wa HWiNFO shusha mpaka wa alamu mle ndani mpaka ilie, afu uurudishe.

Sasa mpe kazi. Hifadhi kila ulichofungua kwanza:

stress-ng --vm 1 --vm-bytes 60% --timeout 20m

Asilimia 60 inatosha. Ukikaza kuelekea 100 keneli itaanza kuua programu ili ijiokoe na utadhani RAM ni mbovu. Huku inaenda, kwenye terminali nyingine:

watch -n 5 sensors

Ukifanikiwa joto linapanda taratibu kisha linatulia. Ninazoziona kwa kawaida ni 30 hadi 45 mashine ikiwa imepumzika, 45 hadi 60 ikifanya kazi. Ikitulia chini ya 70 mchana wa jua kali, funga kava nenda kanywe chai. Ikiendelea kupanda bila kutulia mpaka 75, hiyo alamu ni ya kweli, twende hatua ya 6.

Kwenye seva ongeza hizi mbili:

sudo ipmitool sdr type Temperature
sudo ipmitool sel elist

Ya pili ni daftari la matukio. Usilifute kabla hujalikopi. Na kama RAM ni ECC, angalia makosa yaliyorekebishwa:

cat /sys/devices/system/edac/mc/mc0/ce_count

Namba hii ikiongezeka joto likipanda na kutulia joto likishuka, una ushahidi, sio hisia.

## Hatua ya 6: Ondoa joto la kweli

Kwa seva za mtumba swali langu la kwanza halihusu vumbi. Nauliza: lile kava la plastiki la juu ya RAM na prosesa lipo wapi? Nyingi zinafika huku bila hilo kava, labda lilitolewa ili kuangalia RAM halikurudishwa, na mnunuzi haoni tatizo kwa sababu seva inawaka bila hilo. Ile plastiki ndo inayolazimisha upepo wa feni za mbele upite katikati ya stiki. Ikikosekana upepo unapita juu kwa juu na kutokea nyuma, feni zinapiga kelele kama boda bila eksozi na RAM bado iko 80. Tafuta kava la modeli ileile. Wakati unasubiri, kadibodi ngumu iliyokatwa vizuri inasaidia kwa kupima tu, usiiache humo. Vilevile vile vipande vya plastiki kwenye sloti zisizo na RAM sio urembo, virudishe.

Pili, angalia XMP kwenye BIOS, ule mpangilio wa kuiongezea RAM kasi. DDR4 ya kawaida inatumia volti 1.2, ukiwasha XMP mara nyingi inakwenda 1.35. Kwenye gemu sawa, ila mashine ya stationery ya kuchapa barua inaitakia nini? Izime uone joto linashuka kiasi gani.

Tatu, vumbi na wadudu. Huku ziwani tuna lile wingu la vijidudu linalopanda kutoka majini usiku na kufuata taa. Ofisi yenye dirisha wazi na skrini iliyobaki imewaka inawavuta, wanaishia kwenye feni, wakichanganyika na vumbi la barabara na unyevu inakuwa tope kavu ambalo blowa haliling'oi. Hapo ndo brashi inafanya kazi.

Zima mashine, chomoa waya ukutani, shika swichi ya kuwashia sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha. Shika feni kwa kidole ndo upulize, feni ikizungushwa kwa nguvu na blowa inaharibika beringi. Usiende kwa wapiga pancha kuomba kompresa, ile hewa inabeba maji na oili kutoka kwenye tangi na unapuliza vyote kwenye sloti. Toa stiki, ziandike namba za sloti zake, futa miguu ya dhahabu kwa spiriti, ziache zikauke ndo urudishe mpaka masikio ya sloti yalie tak.

Nne ni chumba chenyewe. Zile nyumba za mlimani zilizoegemea mawe, jiwe likipigwa jua kutwa linaendelea kutoa joto usiku, na seva iliyobanwa kwenye kabati la ukutani pale haitapoa kwa feni yoyote. Isogeze, iachie nafasi nyuma.

Rudia hatua ya 5 saa ileile ya siku uliyopima mwanzo. Ukipima saa nane mchana kabla na saa mbili usiku baada ya kusafisha, umepima upepo wa ziwa.

## Hatua ya 7: Stiki moja tu ndo ina joto

Ikiwa zote ziko digrii 50 na moja iko 72, tafuta ni ipi kwa anwani. Ile 1a ni pacha wa 52, na decode-dimms itakupa namba tambulishi (serial number) ya stiki iliyo kwenye 52, ambayo kwa kawaida imechapwa pia kwenye stika yake. Usikisie kwa kuhesabu sloti kutoka kushoto, watengenezaji wa bodi hawahesabu kama wewe.

Ibadilishane na jirani yake, mpe kazi tena dakika 20. Joto likibaki kwenye sloti ileile, tatizo ni upepo wa pale, mara nyingi ni sloti iliyo nyuma ya prosesa. Likihama na stiki, angalia ce_count na iweke pembeni.

Kabla hujaitupa, zima mashine usiku kucha, asubuhi washa na usome ndani ya dakika ya kwanza. Stiki zote zinatakiwa kuanzia karibu na joto la chumba. Ile moja ikianza na 60 wakati wenzake wako 25, RAM yenyewe ni nzima, sensa yake ndo mbovu. Iandike kwa maka pen, na kwenye ram.conf weka sehemu yake peke yake uipuuze:

chip "jc42-i2c-*-1a"
ignore temp1

Nyota katikati ni ya makusudi, namba ya njia inaweza kubadilika mashine ikiwaka upya. Na ukija kuihamisha ile stiki kwenye sloti nyingine, anwani nayo inabadilika, kwaiyo hariri faili siku hiyohiyo.